Kopo la Bati na Jina la Fundi

Juu ya meza yangu ya ofisini, kati ya rundo la mitihani ambayo bado sijaisahihisha na kalenda ya mwaka uliokwisha, lipo kopo la bati lenye kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha sentimita 10. Halina rangi wala chapa. Ukilichungulia ndani utaona maandishi yaliyofifia ya mafuta ya kupikia, kwani bati lake lilikuwa na maisha mengine kabla halijafika kwangu. Ukingo wake wa chini umeanza kushika kutu. Wageni wakiniuliza ni la nini, huwajibu kwa ufupi kwamba ni kazi ya mwanafunzi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike makala hii.

Niseme mapema kwamba mimi si msanifu wa bidhaa. Nimesomea uchumi wa kisiasa, nikapata shahada ya uzamivu kwa kuandika kurasa nyingi juu ya sera za viwanda za nchi yetu, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikisimama mbele ya vijana na kuwaeleza kwa nini mkakati fulani ulifaulu na mwingine ukashindwa. Katika muda wote huo sikuwahi kutengeneza kwa mikono yangu, wala kusimamia hatua kwa hatua, kitu hata kimoja ambacho mtu angeweza kukinunua. Nadhani wasomi wengi wa fani yangu wakijikagua kwa haki watakiri vivyo hivyo.

Mambo yalianza pale nilipoombwa kuwa msimamizi mwenza wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika masomo ya usanifu. Mradi wake ulikuwa wa vifungashio. Alitakiwa kumtafuta mzalishaji mdogo, kuielewa bidhaa yake, kubuni kifungashio kinachoifaa, kisha kuwasilisha ripoti pamoja na mfano wa awali wa kitu chenyewe. Picha ya kompyuta haikutosha. Watahini walitaka kitu cha kushikika mkononi. Mwenzangu wa usanifu angesimamia michoro, nami ningesimamia sura ya jamii na soko. Niliona kazi ni nyepesi, nikakubali.

Binti huyo alichagua kikundi cha akina mama wa Mlingotini, kijiji cha pwani kilichoko kusini mwa mji wa Bagamoyo, wanaolima mwani. Msomaji wa bara huenda akahitaji maelezo kidogo. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilishika kasi Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha kikaenea katika vijiji vya pwani ya Tanzania Bara. Wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipando kwenye kamba, wakazitandaza katika maji mafupi, wakavuna baada ya wiki kadhaa na kuanika. Sehemu kubwa ya mavuno huondoka nchini yakiwa makavu, ndani ya marobota, kwenda viwanda vya nje kukamuliwa karajinani, ile dutu inayoipa dawa ya meno na aiskrimu uzito wake. Mkulima analipwa kwa kilo ya majani, na thamani inaongezwa ng'ambo.

Akina mama hao walikuwa wameanza kusaga sehemu ndogo ya mwani wao kuwa unga wa kutia kwenye uji, juisi na supu. Waliuuza katika vikopo vya plastiki walivyonunua Kariakoo. Malalamiko yao yalikuwa mawili. La kwanza, hewa ya pwani ina unyevu, na unga wa mwani hufyonza unyevu kama chumvi; baada ya muda huganda. La pili, walichoshwa na plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, wateja wao wa mjini, hasa watalii, walikuwa wakiuliza kwa nini bidhaa inayosifiwa kuwa ya bahari safi imevikwa kitu kinachoichafua bahari hiyohiyo. Mmoja wa akina mama alilitoa kabatini kopo la kahawa ya Africafe, ile inayotengenezwa Bukoba, akasema: "Tunataka kama hili. Kahawa ilikwisha miaka mingi, lakini kopo lipo, naweka sindano na nyuzi." Mwanafunzi wangu akaandika daftarini: kopo la bati, nusu lita, kifuniko cha kufunguka na kufungika tena.

Ndipo tukaanza safari za Bagamoyo. Barabara ile naijua vizuri. Unapotoka mjini, upande wa bahari kuna Kawe, palipokuwa na kiwanda cha Tanganyika Packers kilichosindika nyama ya ng'ombe na kuitia makoponi kwa ajili ya kusafirishwa nje. Siku hizi vijana wengi hulijua jina hilo kama jina la viwanja vya mikutano tu. Mbele zaidi kuna Wazo, kwenye kiwanda cha saruji, kisha Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Siku ile nilipopita Kawe nikiwa na mchoro wa kopo mapajani, nilikumbuka jambo nililokuwa nimelifundisha kila mwaka bila kulitafakari.

Mwezi Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitangaza kuchukua hisa za kuiwezesha kumiliki sehemu kubwa ya kampuni kadhaa za viwanda. Wanafunzi hukariri orodha hiyo: bia, sigara, viatu, saruji. Ndani ya orodha hiyo imo pia Metal Box, kampuni ya kutengeneza makopo. Nimeisoma orodha hiyo mbele ya madarasa mengi, na sikumbuki hata mara moja kuuliza kopo limefuata nini pamoja na saruji na bia. Jibu lilinijia barabarani. Nyama ya Kawe isingefika popote bila kopo. Rangi, mafuta, kahawa ya unga na dawa ya wadudu vyote husafiri ndani ya chombo. Asiye na chombo huuza kwa gunia, na auzaye kwa gunia hupangiwa bei na mwenye chombo. Tazama korosho. Kwa miongo mingi, korosho zilizobanguliwa ziliuzwa katika soko la dunia ndani ya madebe ya bati ya ratili 25, yaani kilo 11.34, huku sehemu kubwa ya korosho zetu ikiondoka ghafi, ndani ya magunia, kwenda kubanguliwa India na baadaye Vietnam.

Kwa hiyo nilifika Bagamoyo nikiwa na nadharia nzuri. Nilichokosa ni bati.

Nilimpigia simu muuzaji mmoja wa bati la kutengenezea makopo. Alikuwa mtu mwenye adabu. Aliniuliza nataka tani ngapi. Nilipomwambia nataka vipande vitano alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama natania. Tukafikiria kununua bati la kuezekea na kulikata. Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa na zaidi ya miaka arobaini na shahada ya uzamivu, kwamba "bati" la kuezekea halina madini ya bati kabisa. Ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki huyeyuka ikikutana na chakula chenye uchachu. Bati la makopo ni chuma chembamba sana kilichovikwa utando wa madini ya bati yenyewe, madini yaleyale yanayochimbwa kwetu Kyerwa, mkoani Kagera. Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja, na mimi niliyekuwa nikiandika juu ya uchumi wa madini sikuwahi kujua tofauti yake.

Mwanafunzi ndiye aliyempata fundi. Ni mzee wa miaka sitini na ushei, ana kibanda kidogo mjini Bagamoyo, anatengeneza koroboi, majiko ya mkaa, makarai na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Vifaa vyake ni mkasi wa bati, nyundo ya chuma na nyingine ya mti, koleo, bikari aliyoitengeneza mwenyewe, msumari wa kuchorea na kipande cha reli anachokitumia kama fuawe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikija Bagamoyo kuzungumzia makontena: mwaka 2013 yalipotiwa saini makubaliano ya bandari kubwa, na tena mwaka 2019 masharti yake yalipozua mjadala wa kitaifa. Naamini nilikipita kibanda hicho mara nyingi nikiwahi mkutano.

Tulimwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni nani. Binti akanitambulisha kuwa ni dokta. Mzee akaniangalia kwa matumaini, akaanza kunieleza maumivu ya goti lake. Ilibidi nimweleze kwamba udaktari wangu si wa kutibu. Akauliza ni wa nini. Nikajibu: "Wa viwanda, mzee wangu." Akatikisa kichwa kwa heshima, akatupa viti.

Mchoro wetu ulikuwa umetoka kwenye kompyuta, una vipimo hadi nusu milimita. Mzee aliushika, akaugeuza, akauliza: "Mshono mmeuacha wapi?" Binti alikuwa amekokotoa mzingo wa kopo kwa usahihi, sentimita 25.1, na kusahau kwamba bati haligundiki lenyewe. Kingo mbili hukunjwa, moja ikaingia ndani ya nyingine kama vidole vya watu wanaoshikana, kisha hugongwa zikalala. Mkunjo huo hula bati, na asiyeuhesabu hupata kopo jembamba kuliko alilochora. Mzee hakutumia hesabu ya duara. Alizungusha uzi kwenye gogo alilolichonga, akaongeza upana wa vidole viwili, akakata.

Kopo la kwanza lilitoka kabla ya adhuhuri, na kifuniko chake hakikuingia. Tulikuwa tumekikata kwa kufuata mchoro. Mzee akacheka kidogo: "Kifuniko hupimwa juu ya kopo, binti yangu. Hakipimwi juu ya karatasi." La pili lilifunga barabara, tukalipeleka Mlingotini kwa furaha. Bibi mmoja wa kikundi alijaribu kulifungua kwa vidole vilivyokomazwa na chumvi na kamba. Akashindwa, akajaribu kwa meno, akatucheka: "Zuri, mwanangu. Lakini kila nikitaka unga nimsubiri baba watoto arudi baharini?" Nilitaka kujitetea, nikakumbuka historia. Hakimiliki ya kopo la chakula ilitolewa Uingereza mwaka 1810. Ya kifungulio chake ilitolewa Marekani mwaka 1858. Kwa karibu nusu karne watu waliyafungua makopo kwa patasi na nyundo. Waliobuni waliona kazi imekwisha chakula kilipofungiwa salama, na mlaji akaachiwa shida iliyobaki. Sisi tulikuwa tumelirudia kosa lilelile.

La tatu lilifunguka vizuri, tukaliacha kijijini wiki tatu. Tuliporudi tulikuta kutu kwenye kila ukingo uliokatwa. Mkasi unapopita hukiacha chuma wazi, na hewa ya bahari haihitaji mwaliko. Mzee akatuonyesha kwamba ukingo haupaswi kuachwa ulivyokatwa. Hupindwa ndani, ukafichwa. Kwa kitendo hicho kimoja kidole hakikatiki, mdomo wa kopo huwa imara, na kutu hukosa pa kuanzia. Kopo lililoko mezani kwangu ni la nne. Limepindwa mdomoni, lakini tukasahau kupinda chini, ndiyo maana lina kutu pale. La tano halina kosa hilo.

Hata hivyo jambo lililonitikisa halikuwa kutu. Siku ya kopo la nne, tarehe ya maonyesho ya miradi ilikuwa imekaribia, nami niliuona mshono wa pembeni hauvutii. Nikamwomba mzee aupitishie lehemu uwe laini. Moto ulikuwa unawaka, koroboi tatu zilikuwa zinasubiri lehemu hiyohiyo. Akaweka nyundo chini, akaniuliza kopo ni la kutia nini. Nikamjibu ni la unga wa kula. Akasema: "Basi lehemu siweki. Hii ina risasi. Koroboi haina tumbo, mwalimu."

Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikasoma, nikakuta kwamba alichokisema ni kweli tupu. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa madini ya bati na risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mataifa tajiri yalikula chakula kilichozibwa kwa lehemu ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Marekani iliipiga marufuku rasmi katika makopo ya chakula mwaka 1995 tu. Mzee wa Bagamoyo alilijua hilo kutoka kwa aliyemfundisha kazi. Mimi, kwa ajili ya kopo kupendeza mbele ya watahini, nilikuwa tayari kulitia sumu. Hakuna mtahini ambaye angegundua. Maonyesho yangepita, kopo lingerudi Mlingotini, na mama mmoja angetia unga wa uji wa mwanawe.

Sasa nieleze niliyomtendea mtu huyo.

Kwa kopo moja alitaja shilingi 15,000. Kazi ilimchukua nusu siku. Nilimshusha hadi 10,000, nikajisifu moyoni kwamba najua kupatana. Makopo matano yakawa shilingi 50,000. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimehudhuria warsha ya siku moja juu ya kuwajengea wabunifu mazingira wezeshi. Posho niliyosaini siku hiyo ilizidi mara tatu gharama ya makopo yote matano, na sikumsikia mtu yeyote akipatana.

Niliporudi chuoni kudai marejesho ya fedha, mhasibu aliniomba risiti ya mashine ya kielektroniki na namba ya mlipakodi ya fundi, ile tuiitayo TIN. Nilimweleza kwamba mtengeneza makopo wangu hana TIN; hatukucheka, maana mhasibu alikuwa na foleni. Mzee alikuwa na kitambulisho cha wajasiriamali wadogo, vile vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000. Kilikuwa kimetundikwa kibandani ndani ya plastiki. Chuoni hakikusaidia kitu. Simlaumu mhasibu, mkaguzi angekuja kumuuliza yeye, si mimi. Lakini tazama matokeo: bajeti ya mradi ilikuwa na fungu la usafiri, la uchapaji wa ripoti na la viburudisho vya siku ya uwasilishaji, na kila fungu lilikuwa na mtu wa kutoa risiti. Mtu pekee aliyetengeneza kitu ndiye pekee ambaye mfumo haukujua namna ya kumlipa. Nilizitoa fedha mfukoni mwangu, na kwa kuwa zilikuwa zangu, nadhani ndiyo maana nilipatana kwa ukali kiasi kile.

Kisha ikaja fomu. Kila mradi hujaziwa fomu inayouliza mfano wa awali ulitengenezwa wapi: maabara ya chuo, karakana ya chuo, au kampuni. Nilimwelekeza binti aandike "karakana binafsi, Bagamoyo". Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu ya mtoto anayejua kwamba anamkosoa mkubwa: "Mwalimu, ningenakili sentensi moja ya kitabu bila kumtaja mwandishi ungenifelisha. Mshono ni wake, mkunjo ni wake, na ya lehemu ni yake. Mbona yeye hatajwi?"

Nimehudhuria vikao vya nidhamu ambavyo wanafunzi wamesimamishwa masomo kwa wizi wa kitaaluma. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa kikao kimoja. Sikuwa na jibu la kumpa.

Jina la mzee limeandikwa ndani ya ripoti ile, ukurasa wa pili, pamoja na maelezo ya hatua nne alizotufundisha, kila moja ikihusishwa naye kama tunavyomhusisha mwandishi na hoja yake. Silitaji hapa kwa sababu hakuniomba nimtangaze mitandaoni. Katika uwasilishaji, mtahini mmoja aliuliza kama si kuishusha hadhi ya ripoti kumnukuu fundi asiye na cheti. Binti alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Alisema kwamba bila fundi huyo kifungashio chake kingekuwa kizuri, chenye vipimo sahihi, na chenye sumu. Nilirudi Bagamoyo wiki iliyofuata kumpelekea mzee shilingi 25,000 zilizobaki katika bei yake ya kwanza. Alizipokea bila kushangaa, kama mtu anayepokea deni.

Ndugu msomaji, sisemi haya ili kumtukuza fundi na kukidharau kiwanda. Mzee mwenyewe hakunipa nafasi ya kufanya hivyo. Nilipomuuliza kama angeweza kuwatengenezea akina mama makopo elfu tano, aliniuliza nani atamlipa na ataishi miaka mingapi. Kopo lake ni ghali kuliko unga unaotiwa ndani. Kazi ya mfano wa awali si kuuzwa; ni kukuwezesha kukosea mara nne kwa gharama ndogo kabla hujakosea mara elfu tano kwa gharama kubwa. Lakini baada ya kujua kopo linalofaa, akina mama wa Mlingotini wamesimama kwenye ukingo wa shimo: upande mmoja fundi wa kopo moja, upande wa pili muuzaji wa tani. Katikati hakuna mtu.

Shimo hilo si geni. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 ili kulifukia. Mwaka 2015 tukaambiwa tena, kwa nguvu mpya, juu ya Tanzania ya viwanda. Mimi ni miongoni mwa walioandika juu ya kaulimbiu hizo, wakati mwingine kwa kusifu, wakati mwingine kwa kukosoa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Maandishi yangu mengi yalivuma, kwa sababu sikuwahi kuuliza bati linauzwa kwa kipimo gani na mshono hukaa wapi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina maombi matatu yasiyohitaji sheria mpya kubwa. Kwanza, kila bajeti ya utafiti na ubunifu iwe na fungu la fundi, pamoja na utaratibu halali wa kumlipa mtu mwenye kitambulisho cha ujasiriamali na saini yake. Pili, VETA inao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Vyuo vikuu vingeweza kuwapeleka huko mafundi wanaoshirikiana navyo, kwa gharama ya mradi, ili mtahini wa kesho akose swali la cheti. Tatu, kila mji wa pwani wenye wasindikaji wadogo uwe na mahali pamoja panapouza malighafi ya vifungashio kwa kipande, si kwa tani, na penye mashine ya kufungia makopo ya kutumiwa kwa zamu.

Kwa wanafunzi nina ombi moja: mtajeni. Kama ni mvuvi aliyekueleza upepo, mkunga aliyekueleza uzazi, au fundi aliyekukataza lehemu, jina lake lina haki ileile ya jina la profesa wa London, iwapo mwenyewe ameridhia.

Na akina mama? Nasikitika kwamba makopo hayakuwafikia sokoni. Bado wanauza unga katika vikopo vya plastiki, sasa vyenye lebo nzuri aliyoibuni binti. Nilipowatembelea mara ya mwisho nilimkuta yule bibi aliyejaribu kifuniko kwa meno. Alikuwa ameketi mbele ya karai la unga, mkononi ana kopo letu la tano, analijaza, analifuta juu kwa kijiti, analimimina kwenye chombo cha mteja. Nusu lita kamili kila mara. Alikuwa ameligeuza kipimo, kama wakubwa wetu walivyoligeuza debe la mafuta ya taa, na kama sokoni leo tunavyopimiwa kwa sado, ndoo iliyokuja na rangi. Akaniambia kwamba wanunuzi wanaliamini kwa sababu haliingii mkunjo wala haliyeyuki juani, akaniomba nimpelekee salamu aliyelitengeneza. Akamtaja kwa jina.